Ernst Mach: Mtu Aliyeipiga Picha Sauti ya Risasi

UFAHAMU (alama 15)

Soma makala yafuatayo kisha ujibu maswali.

Bila shaka umewahi kusikia kwamba ndege fulani ya kivita huruka kwa kasi ya Mach 2. Pengine ulidhani Mach ni jina la kiwanda au la injini. La. Ni jina la binadamu, Ernst Mach, aliyeaga dunia miaka mingi kabla ya rubani yeyote kuishinda sauti kwa mbio. Tena ni mtu ambaye walimu wake wa kwanza walimwona kuwa hana kichwa cha masomo. Ukiwa umewahi kurudi nyumbani na ripoti ya kukuvunja moyo, habari hizi zakuhusu.

Mach alizaliwa tarehe 18 Februari 1838 katika kijiji cha Chirlitz, karibu na mji wa Brno. Wakati huo eneo hilo lilitawaliwa na Dola la Austria. Leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mwalimu aliyegeukia ukulima. Mtoto alipofika umri wa miaka tisa alipelekwa katika shule ya watawa ya Seitenstetten. Hakudumu. Walimu waliona kwamba hakuwa na kipaji, na baba akalazimika kumrudisha nyumbani na kumfundisha mwenyewe. Masomo yalipokwisha, kijana alifanya kazi za shamba, na kwa muda akajifunza useremala kwa fundi. Usiipuuze randa hiyo. Mikono iliyozoea kupima na kuunganisha mbao ndiyo iliyokuja kubuni vifaa vya maabara ambavyo havikuwa vikiuzwa popote.

Alirudi shuleni akiwa na miaka 15. Mwaka wa 1855 alijiunga na Chuo Kikuu cha Vienna, na mwaka wa 1860 akatunukiwa shahada ya uzamifu. Baada ya kufundisha kwa muda mjini Graz, alihamia Prague mwaka wa 1867 kuwa profesa wa fizikia ya majaribio. Alikaa huko miaka 28. Hapo ndipo alipokutana na fumbo la risasi.

Fumbo lenyewe lilianzia vitani. Ufaransa na Prussia zilipopigana mwaka wa 1870 na 1871, madaktari waliona majeraha makubwa ajabu, kana kwamba risasi zimelipuka mwilini. Risasi ndogo zenye kulipuka zilikuwa zimepigwa marufuku na mataifa mwaka wa 1868, kwa hivyo kulizuka lawama za kuvunja mapatano. Mwanasayansi wa Ubelgiji, Louis Melsens, alitoa maelezo tofauti. Alidai kwamba risasi iendayo kasi husukuma mbele yake hewa iliyogandamizwa, na hewa hiyo ndiyo inayopasua mwili. Mach alimsikiliza akieleza jambo hili mjini Paris mwaka wa 1881. Aliporudi Prague alitaka kitu kimoja tu: kuiona hewa hiyo kwa macho.

Utapigaje picha ya risasi hewani, na jicho halina hata nafasi ya kupepesa? Mach hakutegemea wepesi wa kamera. Aliweka kamera wazi ndani ya chumba chenye giza. Risasi yenyewe ilipopita kati ya nyaya mbili ilikamilisha mkondo wa umeme, cheche ikawaka kwa muda mfupi sana, na mwanga huo ukaichora risasi pamoja na hewa iliyoizunguka. Palipokuwa na hewa nzito kuliko kawaida, mwanga ulipinda na kuacha alama kwenye picha.

Majaribio ya kwanza yalifanywa kwa bastola. Risasi ilionekana vizuri, lakini hewa iliyoizunguka ilikuwa tupu. Hapakuwa na wimbi wala alama yoyote. Mwingine angevunja vifaa vyake na kusema Melsens alikuwa akiota. Mach alijiuliza swali lingine: je, utupu huu wenyewe unaniambia nini?

Jibu lilikuwa katika kasi. Katika hewa ya nyuzi 20 za selsiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Risasi ya bastola ile ilikwenda polepole kuliko hapo. Fikiria mtumbwi unaosukumwa taratibu kwa pondo. Viwimbi vinautangulia na kutawanyika kabla haujafika. Sasa fikiria boti ya injini ikikata maji. Inavipita viwimbi vyake, navyo vinarundikana na kufanya mkuki mmoja wenye ncha kwenye pua ya boti. Vivyo hivyo hewani. Risasi iliyo nyuma ya sauti yake hupita bila kishindo. Risasi inayoitangulia sauti yake huburuta wimbi la mshtuko.

Mach alihitaji basi bunduki yenye nguvu zaidi. Alimwandikia Peter Salcher, mwalimu katika chuo cha wanamaji mjini Fiume, mji unaoitwa Rijeka siku hizi. Mwaka wa 1886 Salcher alirudia jaribio kwa risasi zilizoishinda sauti, na wimbi likatokea pichani, limeizunguka ncha ya risasi kama mkuki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1887. Kilichoonekana hakikuwa donge la hewa lililogandamana na risasi, bali wimbi ambalo pembe yake hutegemea kasi. Kadiri risasi inavyozidi mbio, ndivyo mkuki unavyozidi kuwa mwembamba.

Picha hizo ziliwajibu pia askari waliokuwa wakishangaa kusikia milio miwili kutoka kwa mzinga mmoja. Baruti inapoungua hugeuka gesi yenye shinikizo kubwa. Gesi husukuma kombora mtutuni, kisha hufumuka mdomoni kwa kishindo. Huo ni mlio wa kwanza kuzaliwa, na kila bunduki inao. Mwingine ni mpasuko wa wimbi la mshtuko, nao hutokea tu pale kombora linapoishinda sauti. Ndiyo maana mtu aliyesimama mbali, upande linakoelekea kombora, husikia mpasuko huo kabla ya kishindo cha mdomoni. Ndiyo maana pia risasi ya bastola iendayo chini ya kasi ya sauti husikika kwa upole zaidi. Hakuna baruti iliyo kimya kwa asili yake. Kinachohesabika ni kiasi na mwendo wa gesi inayozalishwa, na kasi ambayo gesi hiyo huipa risasi. Mwaka wa 1884 Mfaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyo na moshi mwingi, iliyo na nguvu kuliko ile nyeusi ya zamani. Tangu hapo risasi za bunduki ziliongezeka mbio, na mpasuko huo ukawa jambo la kawaida katika viwanja vya vita.

Maisha ya Mach hayakuwa ya ushindi mtupu. Mwaka wa 1894 alimpoteza mwanawe Heinrich, aliyejiua muda mfupi baada ya kupata shahada ya uzamifu. Mwaka uliofuata Mach alihamia Vienna kufundisha falsafa na historia ya sayansi. Mwaka wa 1898 alipatwa na kiharusi kilichoupoozesha upande wake wa kulia, akaendelea kuandika kwa taipureta akitumia mkono wa kushoto. Alistaafu mwaka wa 1901. Vilevile aliwahi kukosea. Mtu huyu aliyetaka kila kitu kionekane alishikilia kwa miaka mingi kwamba atomu, kwa kuwa haionekani, haikuwa na haki ya kuaminiwa kama kitu halisi. Hata hivyo, kitabu chake kuhusu umekanika, kilichotoka mwaka wa 1883, kilimchochea kijana Albert Einstein kuyatilia shaka mambo ambayo wengine waliyapokea bila kuuliza.

Mach alifariki tarehe 19 Februari 1916 karibu na Munich, siku moja baada ya kutimiza miaka 78. Mwaka wa 1929 Mswisi Jakob Ackeret alipendekeza jina lake lipewe kipimo kinacholinganisha kasi ya kitu na kasi ya sauti. Tarehe 14 Oktoba 1947 Chuck Yeager, rubani wa Marekani, akaipita Mach 1.

Wewe unayejiandaa kwa mtihani, ikumbuke ile picha tupu ya Prague. Jaribio lisilotoa ulichotarajia bado limekujibu. Kuteleza si kuanguka; kazi yako ni kuuliza umetelezea wapi.

MASWALI

1. Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba mwanzo wa elimu ya Mach haukuwa rahisi. (alama 2)
2. Useremala ulimfaa Mach vipi katika kazi yake ya baadaye? (alama 1)
3. Kwa nini majeraha ya vita vya 1870 na 1871 yalizua lawama? (alama 2)
4. Eleza sababu ya picha za risasi ya bastola kukosa alama ya wimbi. (alama 2)
5. Ukirejelea makala, tofautisha milio miwili inayotokea mzinga unapofyatuliwa. (alama 2)
6. Mwandishi anamsifu Mach na pia kumkosoa. Thibitisha kwa hoja moja kwa kila upande. (alama 2)
7. Methali iliyotumika katika aya ya mwisho inaoana vipi na maisha ya Mach? (alama 2)
8. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika makala. (alama 2)
   (a) pondo
   (b) hufumuka

Dokezo: Katika swali la 5, usinakili aya nzima. Taja chanzo cha kila mlio kwa sentensi moja ya maneno yako mwenyewe. Mtahiniwa anayenakili sentensi neno kwa neno hupoteza alama hata kama jibu limo ndani yake.