Daktari Livingstone, Mpima Mvua

Kamati ya gazeti letu iliponiandikia kunitaka nitoe habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye wanafunzi wa leo wangefaidika kumjua, nadhani walitazamia nitachagua mwanasiasa, maana mimi ni mtumishi wa Serikali na watu hufikiri kwamba sisi hatusomi ila majalada na waraka. Lakini wenzangu wa kidato chetu pale Kidahwe watakumbuka jina nililopewa bwenini. Niliitwa Mawingu. Ndimi niliyekesha nje ya bweni nikihesabu vimondo mpaka mwalimu wa zamu akanikuta na kunipa eneo zima la kufyeka. Ndimi pia niliyekabidhiwa kipimamvua cha shule kwa mihula miwili, habari ambayo nitairudia kabla sijamaliza, kwa kuwa ina deni.

Basi mtu wangu ni Daktari David Livingstone. Najua baadhi yenu mtaguna. Kila aliyesoma mkoani Kigoma amewahi kupakiwa kwenye lori akapelekwa Ujiji kutazama lile jiwe la ukumbusho na ile miembe, akaambiwa kwamba hapa ndipo Stanley alipomkuta mzee yule, akarudi shuleni na vumbi masikioni. Mmisionari huyo na mpinga biashara ya utumwa mnamjua. Mimi nataka kuwasimulia juu ya Livingstone mwingine, aliyekuwa mgonjwa wa hali ya hewa kama mimi, aliyebeba vipimajoto na vitabu vya falaki porini wakati hana hata viatu vya kubadilisha, na ambaye jibu la swali lililomuua lilikuwa limelala ndani ya daftari lake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, Uskoti. Alipokuwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha akaenda darasani usiku. Siku za mapumziko alizurura kwenye machimbo ya chokaa akiokota makombe yaliyogeuka mawe, akamwuliza mchimbaji mmoja makombe hayo yaliingiaje ndani ya mwamba, na mzee yule akamjibu kwamba Mungu alipoumba mwamba aliyaweka humo papo hapo. Jibu hilo halikumtosha kijana. Baba yake naye hakupenda vitabu vya sayansi, akiona vitampoteza imani, wakasuguana sana nyumbani. Kilichomtuliza ni maandishi ya Thomas Dick, Mskoti mwenzake aliyekuwa mhubiri na mpenzi wa nyota, ambaye alifundisha kwamba kutazama mbingu kwa darubini na kusali si mambo yanayogombana. Toka hapo hakurudi nyuma. Alihitimu udaktari mwaka 1840, na Desemba ya mwaka huo akapanda meli iitwayo George kwenda Afrika Kusini. Abiria wengine walilala. Yeye alikaa na nahodha usiku akijifunza kupima mahali kwa kutumia mwezi na nyota.

Elimu ile aliikamilisha mwaka 1852 kwa Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha falaki cha Rasi ya Tumaini Jema. Nanyi mlioko madarasani tuelewane kidogo juu ya hesabu yake, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hapo. Latitudo si taabu: pima urefu wa jua la adhuhuri au wa nyota, fungua kitabu, umemaliza. Longitudo ndiyo mwiba. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne, na digrii moja huku kwetu karibu na Ikweta ni kilomita 111. Kwa hiyo hapana budi uwe na saa inayosema kweli, na saa hiyo ikikosea dakika moja tu, umejiweka kando ya mahali ulipo kwa kilomita 28 hivi, sawa na mtu aliyeko Kidahwe kuapa kwamba anaogelea ziwani. Asiye na saa ya kuaminika hupima umbali kati ya mwezi na nyota fulani, akakaa chini na mahesabu marefu, huku mbu wanakula na homa inapanda. Livingstone alifanya hivyo kutoka Luanda hadi Quelimane, akamaliza kulivuka bara mwaka 1856, na vipimo alivyompelekea Maclear vilimstaajabisha mtaalamu huyo kwa usahihi.

Habari za Zambezi nazipita upesi. Safari ile ya 1858 hadi 1864 ilikuwa ya ugomvi na vifo. Mkewe Mary alizikwa Shupanga mwaka 1862. Tuje kwetu.

Alianza safari ya mwisho mwaka 1866 akitokea Unguja. Shabaha yake ilikuwa chemchemi za mto Nile. Januari 1867 yalimpata mambo mawili katika mwezi mmoja. Wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa, na hilo ndilo vitabu vyote husimulia, kwa kuwa daktari asiye na dawa ni habari ya kusikitisha. La pili husimuliwa kwa sauti ndogo: mbeba saa aliteleza na kuanguka, tena si mara moja, na mwendo wa saa zile ukaharibika. Livingstone aliendelea kuzitumia. Akaenda akafika kusini mwa ziwa letu Aprili 1867, akaendelea hadi ziwa Bangweulu mwaka 1868, na mahali alipoliandika Bangweulu kwenye ramani yake sipo lilipo. Kumbukeni hilo.

Ujiji alifika tarehe 14 Machi 1869, ametoka upande wa pili kwa mtumbwi, mapafu yamevimba, akakuta mali iliyotumwa kutoka pwani imekwisha kuliwa. Mtu mwingine angelala chini. Yeye aliuliza kuhusu maji. Ziwa hili linapokea Malagarasi, Luiche na mito isiyo na idadi, na maji yake ni matamu, basi lazima yatoke mahali. Wapi? Alitazama majani na takataka zikielea mbele ya Ujiji, akaona miezi mingi zinakwenda kaskazini. Alishusha kamba mkabala na mlima Kabogo, ikafika pima 326, karibu mita 600, ikamkatikia wakati wa kuivuta. (Leo tunajua kina kikubwa kabisa ni mita 1,470 hivi, hata hivyo kwa mtu mmoja katika mtumbwi si haba.) Alichemsha maji na kusoma kipimajoto ili ajue mwinuko wa ziwa kutoka usawa wa bahari, jambo ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya jikoni: pale ufukweni maji huchemka kabla ya kufika 98, siyo 100. Kutokana na yale majani yaliyoelea kaskazini akajenga hoja yake, kwamba Tanganyika na ziwa Albert ni maji mamoja, na kwamba huo ndio mwanzo wa Nile.

Lakini aliandika na jambo jingine. Watu wa Ujiji walimwonyesha mahali palipokuwa mashamba siku walizokumbuka wao wenyewe, na sasa pamefunikwa na maji yenye kina cha pima mbili. Ziwa limeingia nchi kavu zaidi ya maili moja. Akaliandika daftarini kwa uangalifu wake wa kawaida, akafungua ukurasa mwingine. Mimi kila nikifika hapo hutamani kumvuta mkono. Ziwa lenye mlango ulio wazi kaskazini halimezi mashamba ya watu. Linalomeza mashamba ni lile ambalo mlango wake umezibwa.

Alivuka kwenda Manyema, akafika Nyangwe mtoni Lualaba, na Julai 1871 akashuhudia wafanyabiashara ya utumwa wakiua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, hivyo habari ile aliiandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Wino ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu walipiga kurasa zile picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na baadhi ya mianga hiyo jicho la mtu haliioni, wakayasoma tena. Namna hiyo ya kutazama ndiyo inayotumiwa pia na setilaiti zinazopiga picha za misitu na maziwa, na nadhani mzee angesahau homa yake kwa siku nzima kama angeonyeshwa.

Alirudi Ujiji amekwisha. Stanley akafika. Tarehe aliyoandika Stanley ni 10 Novemba 1871, nasi tulikaririshwa hiyo. Lakini daftari la Livingstone lilikuwa na siku tofauti, kwa sababu katika maradhi alipoteza hesabu ya majuma kadhaa. Mtu aliyeweza kuusoma mwezi asijue tarehe! Nikikumbuka jambo hilo huona haya kidogo nikimkaripia karani wangu kwa kukosea kalenda. Katika mwezi huohuo wazee wale wawili walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini, wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Hoja ya ziwa Albert ikafa hapo. Livingstone hakuificha wala hakuipamba, aliiandika ilivyo. Ila Nile hakuiacha. Aliihamishia kwenye Lualaba.

Nitoke njiani kidogo. Tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika kumi na tisa alasiri, nilikuwa ofisini Kigoma mjini kabati la majalada lilipoanza kutembea. Wenzangu walikimbilia nje, mimi nikatazama saa, na mpaka leo hunicheka. Lilikuwa tetemeko la kipimo 6.8, na kitovu chake kilikuwa chini ya ziwa. Bonde la Ufa bado linapanuka, na ziwa letu limelala ndani ya ufa huo. Halafu ikaja mvua ya 2019. Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, kama ilivyokuwa mwaka 1961, na mawingu yakamwaga kwetu bila hesabu. Ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Kufikia 2021 maji yalikuwa yameingia katika nyumba za ufukweni. Mjomba wangu alihamisha mabati yake mwaloni mara mbili. Aliponiuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, maji haya yataondoka lini, nilimwambia habari za Bahari ya Hindi na setilaiti ambazo tangu 1992 hupima usawa wa ziwa kutoka angani. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza tena, yataondoka lini.

Livingstone alikataa kurudi Ulaya na Stanley. Alingoja Tabora mpaka wapagazi wapya walipofika, akaondoka Agosti 1872 kuelekea Bangweulu, na hapo ndipo saa zilizoanguka mwaka 1867 zilipokuja kudai. Ziwa halikuwapo mahali ramani yake iliposema. Aliingia kwenye kinamasi wakati wa masika, mvua juu, maji kiunoni, mawingu yamefunga jua na nyota hata asiweze kupima upya akajua alipo. Watu wake walimbeba begani, kisha kwenye machela. Alikuwa anatokwa damu tumboni, na bado aliandika. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, safari ya miezi tisa ambayo kwa maoni yangu inastahili gazeti zima peke yake. Walibeba pia madaftari na vyombo vya kupimia. Walipopita Tabora, Oktoba 1873, walimkuta Luteni Verney Cameron, aliyetumwa kumsaidia mtu ambaye sasa ni maiti. Cameron aliuacha mwili uendelee pwani, lakini sehemu kubwa ya vyombo alivichukua kwa safari yake. Nimelifikiria sana jambo hilo na sijui kama nimlaumu.

Maana Cameron alifika Ujiji Februari 1874, akazikuta karatasi alizoziacha Livingstone, akazituma pwani. Kisha akakodi mitumbwi, akazunguka pwani ya kusini mpaka ng'ambo ya magharibi, na Mei mwaka huohuo akaingia katika mdomo wa mto Lukuga. Ulikuwa umesongwa na matete na magugu. Huo ndio mlango. Maji ya Tanganyika yanakwenda magharibi, yanaingia Lualaba, yanakuwa Kongo. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta michikichi iliyokuwa sokoni Ujiji siku ya kukutana kwao sasa imesimama ndani ya maji, na Lukuga bado umeziba. Mnamo 1878 ziwa lilifurika na kusukuma kile kizibo. Nahodha wa kimisionari Edward Hore, aliyekaa Ujiji na kulipima ziwa hili kuliko mgeni yeyote kabla yake, alikwenda mwaka 1879 akauona mto unakwenda kwa nguvu. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi ziwa likashuka karibu mita kumi. Mashamba ya wale wazee wa Ujiji yakarudi nchi kavu. Sijui kama kulikuwa na mtu hai aliyekumbuka mipaka.

Sasa lile deni. Mlioko shuleni leo, kama daftari la mvua la zamani bado liko katika chumba cha jiografia, lifungueni mwezi wa Machi, mwaka wetu wa kidato cha tatu. Kuanzia tarehe 9 mpaka mwisho wa mwezi nilikuwa na malaria na uvivu kwa kipimo kilekile, sikwenda kwenye kipimamvua hata mara moja, nikajaza tarakimu usiku mmoja kwa mshumaa. Mwalimu alizisifu kwa unadhifu. Zifuteni.