Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza (1896 – 1981) alikuwa katekista, mwanahistoria wa jadi na mwandishi wa riwaya kutoka kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, ambacho leo ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa riwaya yake ndefu kuhusu maisha ya mume na mke wa Kikerewe, aliyoiandika kwanza kwa lugha ya Kikerewe, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili.

Maisha ya awali

Kitereza alizaliwa Ukerewe wakati nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Alitokana na ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, ambao cheo chao kilikuwa Omukama. Baba yake alifariki Kitereza akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa katika boma la mtawala. Huko alisikia habari za koo, mila na vita vya zamani kutoka kwa wazee.

Alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, akabatizwa Mkatoliki na kupewa jina la Aniceti. Baadaye alipelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, alikojifunza lugha mbalimbali, zikiwemo Kilatini na Kijerumani. Hata hivyo hakuwa padri. Alirudi nyumbani na kuoa.

Ndoa na kazi

Mke wake alikuwa Anna Katura. Watoto waliowazaa walifariki wote, wakabaki wawili. Katika jamii ya wakati ule mwanamume asiye na mtoto alitazamiwa kuoa mke mwingine, lakini Kitereza alishika ndoa yake ya Kikristo na kuishi na Anna hadi uzeeni.

Alihudumia misheni kama katekista. Kwa muda alikuwa karani wa kampuni ya biashara mjini Mwanza, kisha akarudi Kagunguli. Aliwasaidia mapadri katika mambo ya lugha na tafsiri, akakusanya pia hadithi, methali na historia ya watawala wa Ukerewe.

Riwaya

Kitereza aliona kwamba vijana waliosoma walikuwa wanaisahau lugha na desturi za wazee wao. Kwa kutiwa moyo na Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliandika kitabu chenye kueleza desturi hizo kwa njia ya hadithi. Alikimaliza mwaka 1945.

Hadithi inatokea kabla ya kuja kwa Wazungu. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao kwa sababu ya kusimangwa na ndugu za mume, naye Myombekere anakwenda kwa wakwe kuomba radhi na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Baada ya kutibiwa na mganga wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Ndani yake msomaji hukuta kilimo, uvuvi, uganga, malezi, ndoa na maziko ya Wakerewe, vyote vikielezwa kwa kina.

Kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, kitabu hakikupata mchapishaji kwa miaka mingi, na Padri Simard alifariki kabla ya kukiona kimetoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliofika Ukerewe kwa utafiti, walimhimiza akitafsiri kwa Kiswahili. Kitereza alifanya kazi hiyo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, huku akisumbuliwa na ugonjwa wa viungo.

Tafsiri hiyo, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ilichapishwa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikiwa na mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Urithi

Riwaya hiyo imetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa kutoka Kikerewe na mwandishi Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe pia, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kitereza hakuacha mtoto, lakini kitabu chake kimehifadhi kwa vizazi vya Wakerewe maisha ambayo wengi wao hawakuyaona.