Nduna Songea Mbano na Sheria ya Kitanzi

Mji wetu unaitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa ndani yake. Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni wa Njelu, chini ya Nkosi Mputa Gama, naye alikuwa na nguvu kiasi kwamba Wajerumani, walipojenga boma jirani naye mwaka 1897, waliliita kwa jina lake.

Mara ikaja kodi ya nyumba. Ilikuwa kodi halali kwa maandishi, lakini mkusanyaji wake alikuwa askari mwenye bunduki, na asiye na rupia alilipa kwa jasho lake. Wangoni hawakuulizwa lolote walipotungiwa sheria hiyo.

Mwaka 1905 Omari Kinjala alileta maji ya dawa, na Ungoni ikainuka. Sisi Wakatoliki tuna makaburi yetu katika vita hivyo: tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa misioni ya Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabradha wawili na masista wawili, ambao hawakuwa askari. Baadaye Peramiho nayo ikachomwa moto.

Hata hivyo, kilichofuata hakistahili kuitwa haki. Mahakama ya kijeshi iliketi upesi, na aliyeshitaki ndiye aliyehukumu. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa na viongozi wengi walinyongwa. Kumbukumbu ya mji huu huwataja mashujaa 67. Padre Johannes Häfliger aliwafundisha waliohukumiwa, na wengi wakabatizwa. Ni vigumu kwa padre kusoma habari hiyo kwa utulivu: neema ilikuwa ya kweli, na kitanzi vilevile.

Mapokeo ya Wangoni husimulia kwamba Songea alibakizwa, ikidhaniwa angewafaa watawala, naye akakataa kuishi baada ya wenzake. Akanyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Majeshi yakateketeza vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi, pasipo hukumu ya mahakama yoyote.

Inasimuliwa pia kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya ukoo wake na kuahidi kusaidia kukitafuta. Kwa ukoo wa Mbano, mazishi ya mwaka 1906 hayajamalizika.