PHILIDOR, MTU ALIYEHESHIMU PIONI

Katika sataranji, ule mchezo sisi huku tunauita esheki, kila mchezaji iko na vipande 16. Nane ni pioni, ndio wadogo wa mbele. Wengi wetu tunazidharau. Tunazisukuma tu mbio mbio ili malkia na farasi wapate njia, na zikiliwa tunasema si kitu. Tusome basi maisha ya mtu aliyeona mambo kwa namna ingine.

François-André Danican Philidor alizaliwa Dreux, inchi ya Ufaransa, tarehe 7 Septemba 1726. Ukoo wake ulikuwa wa wapiga muziki wa mfalme. Yeye akiwa bado mtoto aliingia katika kwaya ya mfalme Louis XV huko Versailles. Wanamuziki, wakati wa kungoja mfalme, walikuwa wanacheza sataranji. Mtoto akatazama, akashika. Kisha alienda Paris, kwenye Café de la Régence, mahali wachezaji wakubwa walikutana. Huko Legall, aliyekuwa na nguvu kupita wote, akamfundisha.

Mwaka 1745 alikwenda Uholanzi kwa kazi ya muziki, lakini kazi ikaharibika, kijana akabaki bila franga. Njo sataranji ikamlisha. Mwaka 1747, mjini London, alipambana na Philipp Stamma wa Aleppo, michezo 10. Philidor alikubali kwamba mchezo wa sare uhesabiwe kuwa ushindi wa Stamma. Hata hivyo Stamma alipata 2 tu.

Mwaka 1749 alitoa kitabu chake huko London. Alikuwa na miaka 22. Vitabu vya mbele yake vilipenda sana kuonyesha ujanja wa kukamata mfalme upesi. Yeye alieleza sababu ya kila mwendo, na alianzia kwa pioni. Kwake, mpango wa pioni ndio unaamua nani atashambulia na nani atajilinda.

Kwa nini? Farasi akikosea njia anaweza kurudi. Pioni hairudi nyuma hata kidogo. Ukiisha kuisukuma, umeamua. Nyumba ilizokuwa inalinda haitazilinda tena. Pioni ikibaki peke yake, bila mwenzake kuume wala kushoto, hakuna pioni ya kuilinda. Sherti mnara ama farasi akae kuichunga, na kazi yake ingine inakufa. Lakini mbili zikisimama bega kwa bega katikati ya ubao, farasi wa adui hapati mahali pa kutulia mbele yao.

Kwa sababu hiyo Philidor hakupenda farasi wa upande wa mfalme atoke mapema na kuifungia njia pioni iliyo nyuma yake. Kuna ufunguzi unaoitwa kwa jina lake hata leo. Mweupe anasukuma pioni ya mfalme nyumba mbili, mweusi naye vile vile. Mweupe anaishambulia kwa farasi, na mweusi anailinda kwa kusukuma pioni ya malkia nyumba moja. Kisha Philidor alitaka mweusi asukume na ile pioni ya kando ya mfalme nyumba mbili, apate kuvunja katikati ya mweupe. Wachezaji waliokuja nyuma waliona mwendo huo ni wa hatari, maana unafungua njia kwa mfalme wako mwenyewe. Basi hata mwendo wa mwalimu sherti upimwe.

Hakuacha muziki. Alirudi Ufaransa mwaka 1754, akatunga opera nyingi. Moja ni Tom Jones, ya mwaka 1765. Mwaka 1783, London, alicheza michezo mitatu kwa wakati mmoja bila kutazama ubao.

Mwaka 1792 alivuka tena kwenda London, kama alivyozoea. Mwaka 1793 vita ikawaka kati ya Ufaransa na Uingereza, na serikali ya Mapinduzi ikamhesabu kati ya watu waliokimbia inchi. Jamaa yake ilibaki Paris. Hakupata ruhusa ya kurudi, akafa London mwezi wa Agosti 1795.

Wewe unayecheza, mbele ya kusukuma pioni ujiulize: nani ataichunga huko inakokwenda? Nyumba gani ninaziacha wazi? Na usisahau kwamba kile kipande kidogo, kikifika mwisho wa ubao, kinaweza kugeuka malkia.