Jenerali Wahle: Mgeni aliyekabidhiwa ugavi wa jeshi la Wajerumani

JINA la Kurt Wahle halitajwi sana kama lile la Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, ni vigumu kuona jinsi kamanda huyo angedumu vitani miaka minne bila kazi aliyoianza mzee huyo.

Wahle, meja jenerali mstaafu, aliwasili Dar es Salaam mwanzoni mwa Agosti 1914 kumtembelea mwanawe. Vita vikamkuta huko. Akiwa na umri wa miaka 60 hivi, alikubali kuwa chini ya Lettow-Vorbeck, aliyekuwa luteni kanali tu, akakabidhiwa njia za ugavi.

Kazi ilikuwa nzito. Reli ya Kati na ile ya Tanga hadi Moshi hazikuunganishwa. Jeshi kubwa lilikuwa kaskazini, nyuma yake ikiwa milima ya Usambara, yenye Mponde na Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal. Chini ya milima hiyo, kutoka Mombo hadi Handeni, ilitandikwa reli nyepesi ya matoroli. Kwingineko mizigo ilipita vichwani mwa watu. Huko Amani, watafiti walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti.

Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, naye alihitaji takriban kilo moja ya chakula kwa siku. Safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi ilitosha kuumaliza mzigo wote. Kwa hiyo chakula kilichukuliwa vijijini, na hapo ndipo sifa ya ugavi huo inapoingia doa: wapagazi wengi walikufa, na Ugogo ikakumbwa na njaa kali iliyoitwa Mtunya. Waingereza nao hawakuwa tofauti. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao cha wapagazi.

Mwaka 1916 Wahle aliongoza mapigano upande wa magharibi. Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba mwaka huo, alirudi nyuma kuelekea Iringa, safari hii akiwa yeye mwenye njaa ya risasi na nafaka.

Oktoba 1918, akiwa mgonjwa, aliachwa Ubena pamoja na majeruhi, akatekwa na Waingereza. Mwezi uliofuata vita vilikwisha.