Eduardo Mondlane

Eduardo Chivambo Mondlane (20 Juni 1920 – 3 Februari 1969) alikuwa mwanasosholojia kutoka Msumbiji na rais wa kwanza wa FRELIMO.

Alizaliwa Nwadjahane, Gaza, kusini mwa Msumbiji, akiwa mtoto wa chifu wa Watsonga. Utotoni alichunga mifugo, kisha akasomeshwa na wamisionari Waprotestanti kutoka Uswisi. Mwaka 1949 alifukuzwa Afrika Kusini alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Baada ya kupita Lisbon alikwenda Marekani, akapata shahada ya kwanza Oberlin (1953) na ya uzamivu katika sosholojia Northwestern (1960).

Sosholojia ilikua Ulaya katika karne ya 19 ikichunguza hasa jamii za viwanda. Watu wa makoloni waliachiwa wanaanthropolojia, kana kwamba wao hawakuwa na mishahara, kodi wala siasa. Mondlane alisomea fani zote mbili, na baadaye alifundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Syracuse. Tasnifu yake ilihusu rangi na mgongano wa majukumu, yaani hali ya mtu anayevutwa huku na huku na makundi yenye matarajio tofauti. Mada hiyo haikuwa mbali na maisha yake mwenyewe.

Kuanzia 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, ambako alifahamiana na Julius Nyerere. Juni 1962 vyama vitatu viliungana Dar es Salaam kuunda FRELIMO, naye akachaguliwa rais. Mwaka uliofuata aliacha ualimu, akahamia Tanganyika na mkewe Janet.

Vita ilianza Septemba 1964 huko Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto huo, hivyo wakimbizi wengi waliovuka kuingia Mtwara walikuta watu wa lugha yao. Katika kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji, kilichotoka 1969, Mondlane alieleza ukoloni kwa kuunganisha historia, uchumi na elimu jamii: kazi za lazima, pamba ya kulazimishwa, shule chache. Lakini kuyaelewa makundi hakukutosha kuyapatanisha. Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Wamakonde ndani ya chama, alifarakana na uongozi, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno.

Mondlane aliuawa Dar es Salaam, katika nyumba moja Oysterbay, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina lake, na 3 Februari ni Siku ya Mashujaa nchini humo.