Seyyid Barghash na Tufani ya Mwaka 1872

Siku ya Noeli, mwaka 2020, sehemu ya jumba la Beit el-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Unguja iliporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Seyyid Barghash bin Said. Aliyelijenga alikuwa amekwisha kuona maangamizi makubwa kupita hayo.

Mwaka 1859 Barghash aliinuka juu ya nduguye, Seyyid Majid, akitaka kiti cha enzi. Alishindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870, ndipo yeye akatawala, katika mji ambao kipindupindu kilikuwa kimetoka kuua maelfu.

Hata miaka miwili haikutimia. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Kisiwa hiki ki karibu na Ikweta, na tufani za namna hiyo ni nadra sana huko. Vyombo vilivyokuwa bandarini, pamoja na merikebu za Sultani mwenyewe, vilizama au vilitupwa pwani. Mikarafuu, iliyokuwa utajiri wa kisiwa, iling'olewa sehemu kubwa. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu.

Ni rahisi kusema kwamba Mungu aliuadhibu mji wenye soko la watumwa. Sisi hatukubali. Upepo ule ule uliangusha majengo ya misioni ya Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walilea watoto waliokombolewa utumwani. Na mtumwa kibandani mwake hakuwa na kuta za mawe kama bwana wake. Tena bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba wa Pemba walitafuta watumwa zaidi. Ni adhabu gani hiyo imwongezeayo mzigo yule aliyeonewa? Bwana wetu, akinena juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosefu kupita wenzao.

Labaki swali gumu zaidi, maana Mwenyezi angaliweza kuuzuia upepo. Kanisa lafundisha kwamba Mungu hapendi ubaya, bali huviachia viumbe vyake viende kwa kanuni zao, na pepo na bahari vina kanuni zao. Jibu hili twalisadiki. Lakini kwa mama aliyefiwa ni jibu kavu, wala hatutamlaumu akilia kama Ayubu.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya wanadamu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja kutoka Uingereza kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Barghash alikataa, alisema tufani imewafilisi watu wake, hawawezi kubeba hasara nyingine. Alisema kweli juu ya hasara, ila kwamba ilipwe na mtumwa hakuwa na haki kuitaka. Alipotishwa kwa manowari alitia sahihi, tarehe 5 Juni 1873, na soko likafungwa. Hatuwezi kumsifu sana kwa tendo alilolazimishwa.

Kwa maji twamsifu bila kusita. Mji uliokufa kwa kipindupindu ulikuwa ukinywa maji machafu ya visima. Barghash akavuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na watu wakateka bila malipo. Alifariki mwezi wa Machi 1888, na maji yale yakaendelea kutiririka.